Dawa za kushusha kolesteroli na bima ya afya Mwanza: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya hurudi kila wiki kwenye madirisha ya dawa ya Mwanza na visiwani. Yameanzia kwenye ya msingi hadi yale yanayomkuta mmoja mmoja, na yamepewa namba ili jibu moja likurudishe kwenye jingine. Majina ya dawa tumeyaandika kama tunavyoyatamka. Kwenye boksi utayakuta bila irabu ya mwisho: Atorvastatin, Rosuvastatin, Simvastatin.

## Mambo ya kwanza

1. Je, bima inalipia dawa ya kolesteroli?

Ndiyo, ila hakuna bima inayolipia "dawa ya kolesteroli" kwa jumla tu. Inalipia dawa fulani, ya nguvu fulani, iliyoandikwa na mtu anayeruhusiwa kuiandika, katika kituo cha ngazi inayoruhusiwa, kwa mgonjwa ambaye faili lake linaonyesha kwa nini anaihitaji. Kimoja kati ya hivyo kikikosekana, dirishani utaambiwa "hii bima haitoi", na wengi huondoka wakiamini kadi yao ni bure. Mara nyingi kadi haina kosa lolote. Karatasi ndiyo yenye pengo, na pengo hilo huzibika siku hiyohiyo kabla hujatoka getini.

Kwa wanachama wa NHIF (Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya), kinachoongoza ni kitita cha mafao kilichoanza kutumika Machi 2024, kinachofuata Mwongozo wa Matibabu na Orodha ya Taifa ya Dawa Muhimu. Katika orodha hiyo kila dawa ina herufi: A ni zahanati, B kituo cha afya, C hospitali ya wilaya, D hospitali ya rufaa ya mkoa, na S hospitali za ngazi ya juu na za kibingwa. Dawa yenye herufi ya juu kuliko kituo ulipo hailipwi hapo, hata kama rafu imejaa. Ndiyo maana cheti kilekile cha dawa kinaweza kukataliwa kituo cha afya na kukubaliwa Sekou Toure, hospitali yetu ya rufaa ya mkoa.

2. Ni dawa zipi hasa?

Kundi kubwa ni statini. Atorvastatini huja kwa vidonge vya miligramu 10, 20, 40 na 80. Rosuvastatini kwa 5, 10, 20 na 40. Simvastatini kwa 10, 20 na 40. Hizi hupunguza kazi ya ini ya kutengeneza kolesteroli, na ndizo zenye ushahidi mkubwa wa kuzuia shambulio la moyo na kiharusi. Ndizo pia bima hulipia kwa urahisi zaidi, kwa kuwa zimeshatengenezwa na viwanda vingi kwa majina yasiyo ya kibiashara.

Nyingine ni ezetimibe ya miligramu 10, inayozuia kolesteroli isifyonzwe tumboni, na fenofibreti, ambayo kazi yake hasa ni kushusha trigliseridi, aina nyingine ya mafuta kwenye damu. Hizo zina masharti zaidi. Tazama swali la 15.

3. Lehemu, kolesteroli, mafuta mabaya: ni kitu kimoja?

Lehemu na kolesteroli ni kitu kimoja. "Mafuta mabaya" ni sehemu yake, ile inayoandikwa LDL kwenye majibu ya maabara. Hiyo ndiyo namba anayoiangalia daktari, na ndiyo inayotakiwa ionekane kwenye faili lako.

4. Nahitaji kipimo gani kabla bima haijakubali?

Kipimo kamili cha mafuta kwenye damu, chenye namba nne: kolesteroli yote, LDL, HDL ("mafuta mazuri") na trigliseridi. Kile cha kutoboa kidole kwenye kambi ya upimaji sokoni, kinachotoa namba moja tu, ni cha kukushtua ukapime vizuri. Si cha kuwekwa kwenye faili.

Angalia kizio. Maabara nyingine huandika mmol/L, nyingine mg/dL. LDL ya 4.2 mmol/L ni sawa na 162 mg/dL, kwa kuzidisha mara 38.67. Mgonjwa aliyepima sehemu mbili akaona 4.2 kisha 150 hudhani kapanda vibaya, kumbe ameshuka. Kosa hilohilo likiingia kwenye faili, anayekagua madai naye atachanganyikiwa.

Kufunga kula si lazima kila mara. Maabara ikidai, funga saa 9 hadi 12, maji ya kunywa yanaruhusiwa. Trigliseridi ikizidi 4.5 mmol/L na hukuwa umefunga, rudia ukiwa umefunga.

Wapo pia wanaostahili statini hata kama LDL yao haionekani ya kutisha: aliyewahi kupata kiharusi au shambulio la moyo, na wagonjwa wengi wa kisukari waliovuka miaka 40. Hawa kinachowabeba ni ugonjwa ulioandikwa, si namba ya maabara peke yake. Kama ni wewe, soma swali la 13 kwa makini.

## Kadi uliyonayo

5. Kadi yangu ya NHIF inawahusu wazazi wangu?

Mtumishi anayechangia kupitia mshahara husajili watu wasiozidi sita: yeye, mwenza, na wategemezi wengine hadi wanne, wakiwemo watoto na wazazi. Ukishajaza nafasi zote kwa watoto, mama aliyeko Kwimba hana pa kukaa. Kwa hiyo familia yenye mzazi mwenye presha, sukari au kolesteroli ipige hesabu mapema, kwa sababu dawa hizi ni za kila siku, miaka nenda rudi.

Aliyejiunga kwa kifurushi cha kujilipia mwenyewe asidhani ana mafao yaleyale ya jirani yake mtumishi. Uliza mambo matatu: kifurushi changu kinafika hospitali ya ngazi gani, kinalipia dawa za magonjwa ya kudumu, na je, nahitaji rufaa?

6. CHF (Mfuko wa Afya ya Jamii) iliyoboreshwa inatosha?

Inasaidia, lakini ina ukomo. Ilipoanza mwaka 2018 ilipangwa kwa shilingi 30,000 kwa mwaka kwa kaya ya watu hadi sita, kuanzia zahanati hadi hospitali ya rufaa ya mkoa kwa rufaa. Bugando ni hospitali ya kanda, iko nje ya ngazi hizo. Mwenye kadi hii afuate njia ya zahanati, wilaya, kisha Sekou Toure, akiwa na karatasi ya rufaa mkononi. Akiruka ngazi atalipa fedha taslimu. Kabla ya safari, hakikisha tarehe ya mwisho ya kadi haijapita.

7. Nina bima ya kampuni binafsi kupitia mwajiri. Kuna tofauti gani?

Tofauti kubwa ni kiwango cha fedha kwa mwaka. Tuseme una shilingi 800,000 za matibabu ya nje. Kila mwezi unamwona daktari kwa 25,000 na kuchukua dawa za presha na kolesteroli za 55,000. Hiyo ni 80,000. Mwezi wa kumi umemaliza, na malaria ya mwezi wa kumi na moja utalipa mwenyewe. Dawa ya hesabu hii ni rahisi: mwombe daktari akupe miadi ya kila miezi mitatu na cheti cha kurudia dawa, ili ulipie kumwona mara nne kwa mwaka badala ya mara kumi na mbili. Katika mfano wetu hapo umeokoa 200,000.

Soma pia kipengele cha magonjwa uliyokuwa nayo kabla ya kujiunga, na kile cha magonjwa sugu. Mikataba mingine ina kipindi cha kungoja, mingine ina kiwango kidogo cha pekee ndani ya kile kikubwa. Usimfiche wakala kwamba ulishaanza dawa. Ikigundulika baadaye, madai yako yote ya moyo yanaweza kukataliwa, yale makubwa yakiwemo.

8. Sina bima na nimegundulika leo. Nikijiunga sasa nitapata dawa wiki hii?

Usitegemee hivyo. Kadi haianzi kazi saa ileile unapolipa, na vifurushi huwa na kipindi cha kungoja. Jiunge, lakini anza dawa sasa kwa kujilipia, na mwambie daktari wazi kwamba unalipa mwenyewe ili akuandikie atorvastatini au simvastatini isiyo ya jina la biashara. Hizo ni nafuu sana ukilinganisha na za majina makubwa.

Mzee wa miaka 60 na kuendelea asiye na uwezo ana haki ya msamaha katika vituo vya serikali. Aanzie kwa afisa ustawi wa jamii wa hospitali, akiwa na kitambulisho cha mzee au barua ya serikali ya mtaa au kijiji. Msamaha huo unahusu dawa zilizopo hospitalini. Cheti cha kwenda kununua nje haukigusi.

## Kutoka chumba cha daktari hadi dirisha la dawa

9. Nifuate hatua gani ili nisirudi mikono mitupu?

Mapokezi, toa kadi au namba yako ya NIDA na uhakikiwe kwa alama ya kidole au sura. Subiri hadi wathibitishe kuwa upo hai kwenye mfumo. Ukiambiwa kadi imesitishwa, anza na hilo kwanza, maana yote yanayofuata yatakuwa kazi bure.

Kwa daktari, taja magonjwa yako yote na dawa zako zote, hata kama siku hiyo umeenda kwa ajili ya moja tu. Mwonyeshe majibu ya kipimo. Kabla hujainuka kwenye kiti, uliza: "Daktari, umeandika kolesteroli kwenye sehemu ya ugonjwa?" Swali hilo fupi limewaokoa watu wengi na safari ya pili.

Dirishani, linganisha ulichopewa na kilichoandikwa: jina, nguvu kwa miligramu, idadi ya vidonge. Hesabu vidonge papo hapo. Ukisaini fomu ya madai umekiri kupokea, na ukirudi kesho kusema vilikuwa pungufu huna ushahidi.

10. Daktari ameandika jina la kampuni, dirishani wamekataa. Kwa nini?

Kwa sababu orodha imeandikwa kwa jina la dawa yenyewe. Lipitor ni atorvastatini. Crestor ni rosuvastatini. Mfamasia akiwa na dawa ileile kwa jina jingine na nguvu ileile anaweza kukupa hiyo, nayo inafanya kazi ileile. Kama cheti kimekaza jina la kampuni, kirudishe kwa daktari aandike upya. Usikubali kununua ya jina kubwa kwa imani kwamba ya bima ni dhaifu. Zilizosajiliwa na TMDA, mamlaka ya dawa ya serikali, zimepimwa ubora, na za kuogopa ni zile zinazouzwa bila boksi wala tarehe ya mwisho.

11. Waliniandikia atorvastatini, dirishani wamenipa simvastatini. Ni sawa?

Hapa simama kidogo, kwa sababu ndipo watu wanapodhurika kimyakimya. Statini hazilingani miligramu kwa miligramu. Atorvastatini 20 inakaribiana na simvastatini 40, na rosuvastatini ina nguvu zaidi ya zote mbili. Atorvastatini 40 au 80, ambazo hupewa aliyepata kiharusi au shambulio la moyo, hazina simvastatini inayolingana nazo kwa usalama. Mtu huyo akibadilishiwa simvastatini 20 kwa sababu ndiyo iliyopo, ameachwa na kinga nusu huku akidhani anatibiwa.

La pili ni amlodipini, dawa ya presha ambayo karibu kila kliniki ya presha huitumia. Anayeimeza asizidishe simvastatini 20 kwa siku. Zikikutana kwa kiwango cha juu, simvastatini hulimbikizana mwilini na misuli huanza kuuma au kuvunjika.

La tatu ni saa. Simvastatini humezwa usiku. Atorvastatini na rosuvastatini unaweza kumeza saa yoyote, mradi iwe ileile kila siku.

Kwa hiyo mfamasia akibadilisha nguvu ya dawa ileile, kwa mfano akakupa vidonge viwili vya 20 badala ya kimoja cha 40, hakuna tatizo la kitabibu. Ila cheti kisomeke vidonge 60 kwa mwezi, la sivyo madai ya hospitali yatakuwa na kasoro nawe utapewa 30. Akibadilisha dawa yenyewe, lazima daktari ahusike.

12. Dawa haipo hospitalini. Bima yangu imekufa hapo?

Hapana. Kwa NHIF, hospitali ikiishiwa, omba fomu ya kuchukulia dawa kwenye famasi iliyosajiliwa na Mfuko. Watu wa dirishani huiita Fomu 2C. Iwe na jina lako na namba ya uanachama, jina la dawa, nguvu, idadi, ugonjwa, saini ya daktari na mhuri. Mhuri uliofifia ni sababu tosha ya famasi kukurudisha, nayo ina haki, kwa sababu dawa ikishatoka na madai yakakataliwa hasara ni yake.

Ulizia hospitalini ni famasi zipi zenye mkataba wakati huo; mikataba huisha na kuhuishwa. Piga simu kabla ya kupanda daladala kwenda Igoma au Buhongwa, uliza jina na nguvu kamili ya dawa. Duka la dawa muhimu la mtaani si mahali pa kutafutia statini. Nenda famasi.

Ukiambiwa uongeze fedha juu ya dawa iliyomo kwenye kitita, omba risiti ya EFD yenye jina la dawa na sababu ya nyongeza. Wengine wataghairi hapohapo. Asiyeghairi amekupa ushahidi wa kupeleka kunakotajwa kwenye swali la 14.

## Ikikataliwa

13. Ni sababu gani hasa zinazofanya dawa ikataliwe?

Ya kwanza, na inaongoza, ni ugonjwa ulioandikwa kutolingana na dawa. Fomu ya madai hujazwa ugonjwa kwa msimbo. Mgonjwa wa presha akiandikiwa I10 peke yake, ambao ni msimbo wa shinikizo la damu, kisha chini kuna atorvastatini, mkaguzi anauliza: hii ya nini? Daktari akiongeza E78.0 au E78.5 kwa kolesteroli, E11 kwa kisukari cha aina ya pili, I25 kwa ugonjwa sugu wa mishipa ya moyo, au I69 kwa madhara yaliyobaki baada ya kiharusi, swali hilo limekwisha. Ni sekunde kumi za kalamu au kibodi. Mgonjwa wa kisukari mwenye LDL ya kawaida ndiye anayeumia zaidi, kwa kuwa hana hata jibu la maabara la kujitetea. Kinachomlinda ni E11 pekee.

Ya pili ni ngazi ya kituo au ya mwandishi wa dawa. Dawa iliyoanzishwa na bingwa Bugando haiendelei yenyewe tu kwenye zahanati ya kwenu. Ukirudishwa wilayani, omba barua ya marejesho yenye ugonjwa, dawa, kiwango, na muda wa kuendelea. Ukiomba marejesho haya, uliza pia kama dawa hiyo iko kwenye ngazi unayorudishwa. Kama haipo, afadhali bingwa akubadilishie mapema kuliko ugundue ukiwa Sengerema.

Ya tatu ni kurudi mapema. Ukipewa vidonge 30 tarehe 3, ukarudi tarehe 20 kwa sababu unasafiri, kumbukumbu zinaonyesha bado una dawa. Mweleze daktari sababu ya safari kabla, aiandike. Hili linawahusu sana watu wa visiwani, tazama swali la 16.

Kipimo kilichorudiwa haraka nacho hugomewa. Baada ya kuanza au kubadilisha statini, kipimo cha kufuatilia hufanywa wiki ya 4 hadi ya 12. Kabla ya hapo jibu halina maana sana hata kitabibu.

Nyingine ni za kawaida: mwajiri hajawasilisha michango, majina ya NIDA na ya kadi hayafanani, fomu haina saini.

14. Nimekataliwa na naamini nastahili. Niende wapi?

Anza palepale ulipokataliwa, kwenye dawati la bima la hospitali. Omba waandike sababu ya kukataa, au angalau wakutajie kwa maneno kamili nawe uandike, pamoja na tarehe. "Bima imegoma" si sababu. "Dawa si ya ngazi hii" ni sababu, na ina dawa yake.

Likishindikana, nenda ofisi ya NHIF ya mkoa, Mwanza mjini, na nakala ya cheti, majibu ya maabara, na kadi. Kwa bima ya kampuni, andika kwanza kwa kampuni yenyewe na kupitia ofisa rasilimali watu wa kazini kwenu, kisha TIRA, mamlaka inayosimamia kampuni za bima, au Msuluhishi wa Migogoro ya Bima.

Wakati karatasi zinazunguka, usikae bila dawa. Nunua hata ya wiki mbili. Lakini usinunue kwa kutegemea kurudishiwa fedha kama hujauliza na kukubaliwa kwanza.

15. Ezetimibe, fenofibreti, na zile sindano?

Ezetimibe huongezwa pale statini kwa kiwango cha juu imeshindwa kuishusha LDL vya kutosha, au mgonjwa hawezi kuvumilia statini. Ili ilipiwe au ipate kibali, faili lionyeshe safari nzima: statini gani, miligramu ngapi, kwa muda gani, LDL ya mwanzo na ya baadaye. Kwa mfano, atorvastatini 40 kwa wiki 12, LDL kutoka 5.6 hadi 3.4. Anayesema "nilitumia haikunisaidia" bila namba hana hoja.

Fenofibreti ipewe sababu ya trigliseridi. Ikiandikwa kwa LDL peke yake, kukataliwa ni haki. Jihadhari na jemfibrozili, ndugu yake, ambayo ikichanganywa na statini inahatarisha misuli.

Sindano za kisasa za kushusha LDL ni ghali sana. Kama umeandikiwa, shughulikia kibali cha maandishi kabla ya dozi ya kwanza.

## Mazingira yetu na hali za pekee

16. Naishi Ukerewe. Nitafuataje dawa Mwanza kila mwezi?

Meli ya Nansio hadi Mwanza ni kama saa tatu, na aliyeko Ukara huanza na kivuko kingine kabla ya hapo. Hakuna sababu ya kufanya hivyo kila mwezi kwa kidonge kimoja. Daktari wa Mwanza aandike barua ya marejesho kama ilivyoelezwa kwenye swali la 13, uendelee hospitali ya wilaya Nansio, na uvuke kwa kipimo na mapitio tu. Ikiwa dawa yako haipatikani huko, omba dozi ya zaidi ya mwezi mmoja, sababu ya umbali ikiandikwa kwenye faili. Si kila mara wanakubali, lakini ombi lililoandikwa na daktari lina uzito kuliko maelezo yako dirishani.

Mvuvi anayehama kambi afuate hilohilo: achague kituo kimoja kiwe nyumbani kwa faili lake. Dawa isikae kwenye mtumbwi wala chini ya bati la kambi. Boksi huandikwa lihifadhiwe chini ya nyuzi 30, pahali pakavu. Kopo lenye mfuniko ndani ya begi la nguo linatosha.

Kwa watu wa Sengerema, daraja la Kigongo–Busisi lililofunguliwa Juni 2025 limeondoa foleni ya kivuko, lakini rufaa bado inahitajika.

17. Naweza kumchukulia mama dawa kwa kadi yake?

Uhakiki wa kidole au sura unamtaka mwenyewe awepo. Mama asiyeweza kutembea, mweleze daktari na dawati la bima mapema wakupe utaratibu wao. Kutumia kadi ya mtu mwingine, hata ndugu wa damu, ni udanganyifu, na kadi ya familia nzima inaweza kufungwa.

18. Nastaafu, au nimeacha kazi. Dawa zitaendelea?

Mtumishi aliyestaafu akiwa mwanachama mchangiaji ana utaratibu wake NHIF, unaomhusu yeye na mwenza wake. Watoto na wazazi hutoka. Nenda ofisini miezi kadhaa kabla ya siku ya kustaafu, si baada ya kadi kuzima. Aliyeacha au kuachishwa kazi ahesabu kwamba kadi itasitishwa michango ikikoma: achukue dozi yake ya mwezi kwa wakati na aanze kutafuta kifurushi mara moja. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya 2023 inamtaka kila mkazi awe na bima.

19. Natumia ARV, au dawa za kifua kikuu. Kuna shida?

Sema hilo kwa daktari hata kama kliniki ni tofauti. Ritonaviri, iliyomo kwenye baadhi ya dawa za mstari wa pili, haiendi kabisa na simvastatini, na atorvastatini nayo hushushwa kiwango. Dolutegraviri haina mgongano huo. Rifampisini ya kifua kikuu hupunguza nguvu ya simvastatini na atorvastatini. Dawa za CTC (kliniki ya VVU) ni bure, lakini statini haimo kwenye mpango huo, kwa hiyo bima au mfuko wako ndio unaoibeba.

20. Nina mimba. Niendelee?

Acha kumeza na umwone daktari mapema, wiki hiyohiyo. Kwa wengi statini husimamishwa wakati wa ujauzito na kunyonyesha. Wachache wenye hatari kubwa ya moyo huamuliwa na bingwa.

21. Kolesteroli imeshuka. Nikiacha, bima itanikubalia nikirudi?

Imeshuka kwa sababu unameza. Ukiacha, ndani ya wiki chache hupanda tena. Sato na dagaa badala ya nyama ya mafuta ni jambo jema, lakini kwa aliyepata kiharusi havichukui nafasi ya kidonge. Na faili lenye mwaka mzima wa pengo hulazimu kuanza upya: kipimo, utambuzi, wakati mwingine hata rufaa.

Kama unaacha kwa sababu misuli inauma, usiache kimya. Daktari apime kimeng'enya cha misuli, abadilishe statini au ashushe kiwango, na aandike kwenye faili kwamba hukuivumilia. Mstari huo mmoja ndio utakaokufungulia ezetimibe baadaye. Mkojo ukiwa na rangi ya kokakola pamoja na maumivu makali ya misuli, acha dawa hapohapo na uende hospitali siku hiyo.